Lango Lililovaa Kanzu

Kitendawili! Wewe uliyekaa hapo, itikia. Haya, natega: kila siku nakisukuma, kila siku kinaongezeka, na mdomo wangu haukitaji. Ni nini?

Fikiri mwenyewe, usimtazame jirani yako, naye hajui. Mkokoteni? Mkokoteni hauongezeki wenyewe, na msukuma mkokoteni mdomo haufungi, njia nzima anafokea watu wampishe. Mimba? Mimba haingoji kutajwa, inajitaja. Umeshindwa? Basi nipe mji. Ndiyo kanuni: aliyeshindwa hutoa mji, na aliyetega huenda huko akalakiwa, akala, akanywa, ndipo jibu litoke. Unanikodolea macho tu. Huna mji? Haya, nitajichukulia. Nachukua Ukazani, nchi ya Wakazani. Na sitakwenda mimi, maana magoti yangu yana mambo yao. Namtuma Somoe.

Somoe alikuwa mwanamke wa makamo, watoto wake wameshakua, na alikuwa na dada mmoja tu wa tumbo moja, jina lake Mwatumu. Mwatumu aliolewa Ukazani akiwa msichana. Mumewe akafa, yeye akabaki, na Wakazani wakampa kazi ambayo hawakuwahi kumpa mgeni: wakamfanya Mlinzi wa Lango Kuu. Kwao habari hiyo ilipofika, mama yao alichinja mbuzi na kulitaja jina la Mwatumu kwenye kila harusi, hata harusi za watu asiowajua.

Sasa wapita njia walianza kuleta maneno mengine. Maji ya Ukazani yanachelewa, walisema. Na Mlinzi akipanda ngazi anasimama katikati, anajifanya kutazama mandhari. Somoe akatuma salamu: "Dada, u mzima?" Jibu likarudi neno moja: "Nimekaza." Somoe hakulala vizuri na neno hilo. Akaaga, akaenda, akafika.

Askari wa mpakani alikuwa amesimama wima kama mlingoti.

"Umekaza?" akamwuliza.

"Mzima, namshukuru Mungu."

"Sikukuuliza uzima, mama. Umekaza?"

"Nimekaza nini, baba?"

"Chochote!"

Ndivyo wanavyosalimiana kule. Hadithi yao ni kwamba zamani za vita babu yao mkubwa aliwaambia, "Wanangu, kazeni mioyo." Yule mzee alimaanisha wasiogope. Wao wakakaza kweli. Wakaanza na moyo, wakashuka shingoni, mgongoni, magotini, mpaka vidole vya miguu. Leo Mkazani akitaka kumtazama mtu aliye nyuma yake, anageuka mzima kama kabati linalohamishwa. Mtu mwepesi wa viungo anahurumiwa, na binti akiweza kuchuchumaa wachumba wanamkimbia. Hata nyumba wanazisifu hivyo hivyo. Bawaba ya mlango ikilia kwiiii, jirani husema, "Sikia ukoo ule, wenyewe hao!"

Na hakuna anayeinama. Kuinama ni kosa. Kitu kikianguka, kimeanguka. Barabara za Ukazani zimejaa vitana, funguo, vijiko, shanga, kiatu kimoja kimoja, na Wakazani wanavipita vichwa juu, kila mmoja akijua fika kitana chake kiko wapi.

Somoe hakuyajua haya. Akaona kitana kizuri cha pembe, akainama akakiokota amrudishie mwenyewe. Firimbi ikalia. Askari wawili wakaja kwa mwendo wa ngongoti, magoti hayakunjiki.

"Umeinama hadharani!"

"Nimeokota kitana."

"Ndiyo hivyo hivyo. Kesho Barazani."

Walipojua ni mdogo wake Mlinzi, wakamsindikiza kwa dada yake kwa heshima, ila kitana walimwamuru akirudishe chini. Akawauliza, "Nitakirudishaje bila kuinama?" Wakatazamana. Wakamwambia akiachie kianguke.

Mwatumu alikuwa mlangoni. Alikuwa vilevile, mrefu, kanga yake imenyooka, shingo imesimama. Kwenye kifundo cha mkono wa kulia alifungwa kamba nene iliyopita dirishani ikaenda mpaka Langoni. Mkono huo ulikuwa ukivuta na kuachia, ukivuta na kuachia, akiongea, akila, hata akisinzia. Lango likifunguka maji yanatoka kwenye birika kuu la nchi yanakwenda mitaani, likifungwa hayarudi nyuma. Hiyo ndiyo kazi, na haina siku ya mapumziko.

"Somoe! Umekonda weye, huko hampiki?"

"Na wewe dada umenenepa vidole." Maana vidole vya Mwatumu vilikuwa vimevimba kwenye vifundo kama tangawizi, na Somoe alipovishika vilikuwa na moto.

"Hiyo ni heshima. Kaa ule."

Chakula! Pilau linang'aa samli, mbavu za ng'ombe na mafuta yake, maini, figo, samaki wa chumvi aliyekaangwa mara mbili, kaimati zinaogelea shira, na chai ambayo kijiko kinasimama. Jiko halikuzimwa. Kule moto wa jikoni hauzimwi usiku wala mchana, unafifia tu, unakaa mwekundu chini ya majivu, na birika la chai liko juu yake daima. Somoe alikula akashiba, akasukuma sahani. Mwatumu akaijaza tena.

"Nimeshiba, dada."

"Sahani ya kwanza ni ya tumbo lako. Ya pili ni ya nchi. Utaidharau nchi?"

Somoe akala ya nchi. Alipomaliza akauliza kwa sauti ndogo, "Mchicha hamna? Hata kunde?"

"Nyamaza wewe!" Mwatumu akatazama dirishani. "Mchicha unachumwa kwa kuinama. Nani akuone na kitu hicho kwangu, mimi Mlinzi?"

Wakacheka, wakakumbuka nyumbani, wakamkumbuka mama. Utotoni walikuwa wakilala mkeka mmoja wakitegeana vitendawili mpaka mama awatishie fimbo. Mwatumu hakushindwa hata kimoja. Hajatoa mji kwa mtu tangu azaliwe, wakati Somoe alishatoa miji yote aliyoijua akaanza kutoa mashamba. Basi katikati ya kicheko hicho Somoe aliona dada yake anatafuta pumzi, na mkono wa kamba unavuta, unatetemeka, ndipo unaachia.

"Dada. Lango zito?"

Mwatumu akamtazama. "Kunywa chai," akasema.

Asubuhi akampeleka kuliona, akiivuta kamba yake njia nzima. Walikwenda polepole na Mwatumu alitazama mandhari mara nyingi, ingawa hakukuwa na mandhari ila ukuta. Lango Kuu lilikuwa na mbao zake, nzuri, nyembamba, zinazokutana katikati. Zamani, Mwatumu alisema, likifunguka ungepita ng'ombe na pembe zake. Sasa mbao zote zilikuwa zimeshika ukoko mweupe, mnene, umejijenga kama ule wa ndani ya birika la chai, na lilipovutwa liligugumia likaacha upenyo wa mtu mwembamba kupita ubavu.

"Unaliona?" Mwatumu alisema, uso wake unang'aa. "Limevaa kanzu."

"Hiyo ni chokaa, dada."

"Ni kanzu. Lango halivai mpaka listahili. Njoo nikuonyeshe kitu."

Kando ya barabara palikuwa na safu ya malango ya zamani, yamesimikwa wima juu ya makaburi, meupe isipokuwa moja jeusi, yamefungwa, hayafunguki kwenda popote. Mlinzi akifa, lango lake hung'olewa likamsimamia, na jipya hutiwa. Siku za katikati, kabla jipya halijaanza kupumua, maji hayatoki, na mitaa huzika watu. Hilo Wakazani hawalisemi kwa sauti. Wanachosema ni, "Walikufa wamesimama." Mwishoni mwa safu palikuwa na msingi mtupu, umesakafiwa vizuri, umefagiliwa.

"Wangu," Mwatumu alisema. "Na jina wameshachonga. Ningependa mama angeona."

Somoe alilisoma jina la dada yake pale chini, akageukia barabara. Karibu yao, kwenye benchi, walikaa mafundi wa kukwangua na patasi zao zilizonolewa zikawaka. Ni wafanyakazi wa serikali, wana sare. Somoe akawauliza kwa nini wamekaa na kazi iko mbele ya macho yao.

"Sheria, mama," mmoja akamjibu. "Lango haliguswi mpaka Mlinzi aseme mwenyewe kwa kinywa chake kwamba ni zito."

"Na wangapi wamesema?"

"Tangu lini?" fundi akacheka. "Hii patasi ni ya baba yangu, na alinikabidhi ikiwa mpya."

Basi ikawa saa ya Baraza. Jengo la Baraza la Ukazani lina vyumba vitatu chini ya paa moja, na kati ya chumba na chumba hakuna mlango. Mheshimiwa wa Bawaba anashughulika na vyote vinavyolia: milango, magoti, vifundo vya vidole. Mheshimiwa wa Lango anashughulika na Lango tu. Mheshimiwa wa Sufuria ana mapishi na jiko. Mmoja akitaka kumwambia mwenzake jambo, anamtuma tarishi, naye tarishi huzunguka jengo zima kwa nje. Siku ya kesi huketi barazani wote, lakini viti vyao vimeelekezwa kila kimoja upande wake.

Mashtaka yakasomwa. Somoe hakukana.

"Niliinama, waheshimiwa, nikaokota kitana. Na nyumbani kwa dada yangu, na Langoni, nikainama tena." Watu wakaguna. "Nikakwangua kidogo kwa kucha." Akafungua pindo la kanga, akawatolea chembe nyeupe mafungu matatu, kila fungu kwenye jani lake. "Moja nimelitoa kwenye bawaba ya mlango wake. Moja kwenye Lango. Moja kwenye mdomo wa birika lake la chai. Naomba kila mmoja achague la kwake, maana nimechanganya majani na sasa hata mimi sikumbuki."

Mheshimiwa wa Bawaba akanusa, akalamba, akachagua kwa madaha. Mheshimiwa wa Lango akachagua lile lile. Wa Sufuria akasema hapo hakuna cha kwake hata kimoja, sufuria zake ni safi. Watu walitaka kucheka, lakini kicheko kikubwa kinampinda mtu, wakakibana wakawa wekundu.

"Unataka kusema nini, mwanamke?" Mheshimiwa wa Sufuria alipandisha sauti, akiutazama ukuta kwa sababu ndiko kiti chake kilikoelekea. "Kwamba pilau letu ndilo linaloliza bawaba? Kwamba sahani ya nchi ndiyo inayolivika Lango kanzu? Ndiyo au siyo?"

"Huenda," alisema Somoe.

Karani mzee akainuka kwa taabu, akaeleza kwamba neno hilo liliwahi kuwepo Ukazani lakini lilifutwa, kwa kuwa halisimami wima, linaegemea.

"Hapa tunalo ndiyo na tunalo siyo!"

"Basi mimi sina la kuwapa katika hayo mawili. Nasema huenda. Nimeona vidole vya moto, nimeona jiko lisilozimwa, nimeona Lango jeupe, na vyote ni vya Mlinzi mmoja. Kama ni ndugu au wamekutana tu njiani, sijui."

"Hujui!" Mheshimiwa wa Sufuria akapiga mkono wa kiti. "Hebu tazama makaburini, lango la tano. Jeusi, halina chokaa hata ya dawa. Na mwenye lango lile alikula sahani ya nchi na ya majirani zake!"

"Nimeliona," Somoe alisema. "Hilo nalo sijui kwa nini. Ningekuwa mimi nina patasi na sare, ningetaka kujua."

Hapo Mheshimiwa wa Bawaba akakohoa. Alikuwa bado anayatazama yale majani. "Kwa kweli," alisema polepole, "Walinzi ambao bawaba zao ziliwaka moto mapema, wengi wao malango yao yalivaa mapema. Si wote. Wengi. Nimeliona siku nyingi."

"Mbona hukusema?" Somoe akauliza.

"Kanzu si yangu, ni ya Lango."

"Hata mimi nimeliona," alisema Mheshimiwa wa Lango. "Ila vidole si vyangu, ni vya Bawaba."

Na kwa kuwa viti havikuelekeana, hakuna aliyemwona mwenzake alivyotazama chini.

Wakanong'onezana kupitia kwa tarishi, ambaye siku hiyo alizunguka jengo mpaka akalowa jasho. Mwisho karani akasoma uamuzi. Baraza haliwezi kuhukumu kwa huenda. Lakini iko sheria ya kale: Mlinzi akikiri uzito, mafundi watalikwangua Lango, na kuta za vyumba vitatu zitabomolewa, na waheshimiwa watakaa meza moja waangalie sufuria, bawaba na Lango kwa pamoja mpaka wajue. Basi mgeni akamwulize dada yake mbele ya watu. Mlinzi akisema ni zito, sawa. Akisema ni jepesi, mgeni ni mzushi, atatoka Ukazani leo kabla ya jua kuzama na hatakanyaga tena.

Waheshimiwa walishusha pumzi. Walijua watakachosikia, maana hakuna Mlinzi aliyewahi kukiri.

Watu wakafurika Langoni, na waheshimiwa wakabebewa viti vyao, kila kimoja kikaelekezwa upande wake. Mwatumu alikuwa amesimama karibu na mbao zake, kanga mpya, kamba mkononi. Habari ilikwisha kumfikia. Alimtazama mdogo wake kwa hasira na kwa mapenzi, yote kwenye jicho moja.

"Umekuja kuniaibisha, Somoe," alisema chini chini. "Mimi, waliyemchongea jina kwenye jiwe."

"Nimekuja kukuona, dada. Jiwe silijui."

Mkono ukavuta. Lango likagugumia, likatoa upenyo wa kitabu, likasimama. Mtaa wa chini, maji yalikotuama, watu walikuwa wamevimba miguu; wa juu, yasikofika, walikuwa wameshikana mabega wasianguke. Mkono ukavuta tena. Jasho likamtoka Mwatumu kwenye paji la uso, lakini shingo ilikuwa palepale.

Somoe alifungua kinywa aulize, na kabla hajauliza akaliona jibu limekwisha jipanga kwenye midomo ya dada yake: jepesi. Angelisema. Angelisema akiwa na furaha, na lingekuwa neno lake la mwisho wakiwa pamoja. Basi Somoe akaliacha swali. Akajinyoosha, akaita kwa sauti ile ya mkekani:

"Kitendawili!"

"Tega!" Mwatumu alijibu kabla hajajizuia.

"Kila siku nakisukuma, kila siku kinaongezeka, na mdomo wangu haukitaji."

Watu wakageuka wazima wazima kumtazama Mlinzi. Somoe aliona jibu linaingia machoni mwa dada yake mara moja, kama zamani, kabla hata mtegaji hajafunga mdomo. Kisha akaona linafungiwa ndani.

"Umeshindwa, dada?"

"Mimi?" Sauti ya Mwatumu ilipasuka. "Mimi sijashindwa kitendawili tangu nitoke tumboni mwa mama, na wewe unajua!"

"Basi sema."

Mkono ukavuta, mdomo haukutaja.

"Basi umeshindwa. Nipe mji."

"Chukua kwetu. Chukua kule tulikozaliwa."

"Kule si kwako tena, ulishaniachia. Mlinzi ana mji mmoja tu. Nipe Ukazani, dada. Sema mbele yao, 'Somoe, nimekupa Ukazani,' nami nitauchukua, nitakupa jibu, na nitaondoka."

Minong'ono ikapita kama upepo kwenye mahindi. Waheshimiwa watatu, kwa mara ya kwanza, waligeuza viti vyao. Bibi mmoja wa mtaa wa juu, Bi Mwanamtama, aliyekuwa ameegemea ukuta, akaita: "Mwatumu, mwanangu! Mimi nikisimama naona nyota mchana. Lakini usimpe mtu mji wetu!"

Mwatumu alilitazama Lango katika kanzu yake. Alitazama upande wa makaburi, kwenye msingi uliofagiliwa. Alivitazama vidole vyake. Halafu alifanya jambo ambalo Wakazani waliokuwepo wanalisimulia mpaka leo, na hawakubaliani kama lilikuwa kosa: aliinama. Aliinama taratibu, kila kiungo kikilia, akaweka kiganja chake juu ya ubao mweupe, akakaa hivyo kidogo. Alipoinuka, shingo yake ilikuwa imesimama kuliko siku zote, na mafundi kwenye benchi walikuwa wameshaanza kusimama, patasi mkononi.

"Mji wangu simpi mtu," alisema, na watu wa nyuma kabisa walimsikia. "Na wewe Somoe hujawahi kunishinda, hutanishinda leo. Ni uzito. Lango langu ni zito, mdogo wangu, ni zito tangu mwaka juzi."